Upepo wa fundi wa Ruaha Mbuyuni

Blogu hii imekuwa kimya kwa wiki tatu. Sikuugua, na sijahamia gazeti jingine kama alivyoandika mdau mmoja kwenye maoni. Nilikuwa nasoma historia ya hataza, ile hati anayopewa mvumbuzi ili mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa. Nilianza kusoma kwa mbwembwe nikamaliza kwa aibu. Nitaeleza.

Wanaosafiri kati ya Dar na Iringa wanaijua Ruaha Mbuyuni kwa pua kabla ya macho. Ukishaiacha Mikumi na vilima vyake unateremka kwenye bonde la mibuyu, joto linakupokea, na basi likipunguza mwendo tu vijana wanakimbilia madirishani na vitunguu kwenye neti. Maji ya Ruaha Mkuu ndiyo yanayolimisha pale. Kila mwenye shamba kando ya mto ana pampu, na kila mwenye pampu ana siku yake ya kulia na injini.

Ni injini moja ya namna hiyo, iliyochoka kuvuta maji, ambayo fundi mmoja wa kuchomelea aliigeuza kuwa kitu kingine. Simtaji jina, na mbele mtaona kwa nini. Alifunga feni ya bati, akaweka mkanda, akaweka hopa juu, chekecho chini na milango mitatu pembeni. Unamimina mbegu za vitunguu zilizopurwa pamoja na takataka zake zote. Mbegu nzito zinatoka mlango wa kwanza, mapepe yanatoka wa pili, maganda yanaruka nje kupitia wa tatu.

Nilipoiona mara ya kwanza, wakati wa mavuno, niliandika nusu ukurasa kwenye gazeti letu. Kichwa cha habari nilikipendekeza mwenyewe: mvumbuzi wa kwanza wa mashine ya kupepeta kwa upepo. Nilipiga picha mbele, ubavuni, na baada ya kumbembeleza kidogo akafungua mfuniko nikapiga na ndani. Mzee yule alikata ukurasa, akauweka kwenye nailoni na kuubandika juu ya benchi lake la kazi.

Miezi kadhaa baadaye akanipigia. "Mwandishi, kuna mteja kaniambia kitu kama hiki kina hati yake Dar. Hebu nisaidie." Nikasema hamna shida, Mzee, hiyo kazi ndogo.

Jamani, haikuwa ndogo.

Tuanze na neno "kwanza". Bibi zetu wote walipepeta. Ungo, uwanja, na subira ya kungoja upepo wa jioni. Lugha yenyewe ina ushahidi: kupepeta, kupeta, kupembua. Tena hili la mwisho limepanda cheo hadi maofisini, maana hakuna barabara wala bwawa linalojengwa nchini bila "upembuzi yakinifu". Nashangaa ni wahandisi wangapi wanaotamka maneno hayo wakijua wanazungumzia mama aliyesimama na ungo.

Fizikia yake si ngumu. Kitu kinachoanguka ndani ya upepo kinavutwa chini na uzito na kusukumwa pembeni na hewa. Mbegu iliyojaa inaanguka karibu, mbegu tupu ya ukubwa uleule inaanguka mbali zaidi, ganda linapotea kabisa. Tatizo ni kwamba upepo haujui kutofautisha mbegu na chembe ndogo ya mchanga ikiwa zote mbili zinaanguka kwa kasi moja. Ndiyo maana lazima uwepo na chekecho, linalochagua kwa ukubwa. Upepo na chekecho vikisaidizana, kazi inakamilika. Wakulima wengine humwaga mbegu za vitunguu kwenye maji na kutupa zinazoelea, lakini hapo lazima uzianike upesi kabla hazijaharibika.

Sasa nani alikuwa wa kwanza kuutengeneza upepo badala ya kuungoja? Wachina. Kwenye makaburi ya enzi ya ufalme wa Han, karibu miaka 2,000 iliyopita, vimekutwa vinyago vya udongo vya mashine ya kupepeta yenye feni ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka 1313 Wang Zhen aliichora kwenye kitabu chake cha kilimo, na mwaka 1637 Song Yingxing naye akaieleza. Hopa juu, feni ubavuni, milango chini. Niliutazama mchoro ule usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu, na nikawa kama natazama picha niliyoipiga mwenyewe Ruaha Mbuyuni.

Ulaya ilichelewa mno. Mashine hiyo ilifika kupitia Uholanzi, na Scotland ikaipata karne ya 18, ambako watu wa dini kali waliikataa. Walisema upepo ni wa Mungu, na anayeutengeneza kwa mashine anamfundisha Mungu kazi. Walter Scott akaliweka jambo hilo kwenye riwaya yake ya Old Mortality ya mwaka 1816, ingawa aliteleza kidogo: hadithi yake inatokea mwaka 1679, kabla mashine hazijafika huko. Hata wakubwa hukosea tarehe. Hilo lilinifariji kwa dakika mbili hivi.

Kwa hiyo fundi wangu si wa kwanza, na kichwa changu cha habari kilikuwa uongo. Lakini je, hiyo ina maana hawezi kupata hati? Hapa ndipo historia inaponoga.

Mkaguzi wa hataza huuliza maswali matatu. Kitu hiki ni kipya duniani? Je, kina hatua ya uvumbuzi, yaani fundi mwingine wa kawaida asingekifikia kwa urahisi? Kinaweza kutumika katika shughuli za uzalishaji, kilimo kikiwemo? Mkaguzi anakaa na rundo la maandishi ya zamani na kupepeta: hili lilijulikana, hili lilijulikana, hili halikujulikana. Anachotafuta ni punje itakayobaki. Albert Einstein alifanya kazi hiyo Bern, Uswisi, kuanzia 1902 hadi 1909, na miongoni mwa maombi yanayoaminika kupita mezani kwake ni la mashine ya kuchambua kokoto. Huyu ndiye aliyeandika nadharia yake ya uhusiano mwaka 1905, akitoka kazini.

Ipo kesi moja ambayo kila mwenye mashine ya upepo angepaswa kuijua. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Cochrane dhidi ya Deener. Cochrane alikuwa na hataza ya namna ya kutengeneza unga wa ngano. Ngano ikisagwa na kuchekechwa mara ya kwanza hubaki chenga zenye vipande vya pumba. Yeye alipitisha mkondo wa hewa kuziondoa pumba hizo, chenga safi zikasagwa na kuchekechwa tena, ukapatikana unga mzuri zaidi. Wapinzani wake wakajitetea kwamba vyombo vyao havikufanana na vyake. Mahakama ikasema utaratibu wa kazi nao ni uvumbuzi. Ukiwa mpya, kubadilisha chombo hakumtoi mtu hatiani. Upepo ni wa kale, chekecho ni la kale, lakini mpangilio wa kuvitumia unaweza kuwa mpya.

Nilipolisoma hilo nilisimama. Kumbe mzee wangu ana pa kushika!

Nikarudi nyumbani sasa, kwenye sheria zetu. Uingereza imekuwa na sheria inayotambua hataza tangu 1624, na ilipotutawala ilituletea ya kwake kwa mtindo wa ajabu. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Usajili wa Hataza ya mwaka 1931. Zingatia neno "usajili". Hapakuwa na mkaguzi hapa wala rundo la maandishi ya kupepeta. Ulitakiwa kwanza upewe hataza Uingereza, kisha ndipo uje kuisajili Dar es Salaam.

Fikiria maana yake. Miaka hiyohiyo ya 1930 maelfu ya watu walikuwa wakichimba dhahabu Lupa, kule Chunya, kwenye nchi kavu ambayo kiangazi maji ya kuoshea mchanga ni shida. Huko Australia, kwenye machimbo ya Coolgardie na Kalgoorlie yaliyofunguliwa 1892 na 1893, shida hiyohiyo ya maji iliwafanya wachimbaji watenganishe dhahabu na vumbi kwa upepo, baadaye kwa mashine zenye mivukuto. Sasa chukua kibarua wa Lupa, Mnyakyusa au Msafwa, aliyebuni mvukuto bora kuliko wa bwana wake. Sheria ilimwambia apande meli aende London kwanza. Hakuna aliyehitaji kumkatalia ombi lake. Njia ya kuliwasilisha ndiyo haikuwepo.

Na kitu kinachoniuma ni kwamba Uhuru wa 1961 haukuibadilisha sheria hiyo. Tulitaifisha mabenki, tukahamia vijijini, tukaanzisha SIDO mwaka 1973 ili kuwainua wenye viwanda vidogo, na muda wote huo fundi wa Tanzania mwenye wazo jipya aliendelea kutegemea hati ya London. Sheria mpya, Na. 1 ya 1987, ilipitishwa lakini ikaanza kutumika Septemba 1994. Miaka 33 baada ya bendera kupandishwa! Wanaopenda kusema Waafrika hatuvumbui waanze na tarehe hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kidogo. BRELA ilianza 1999. Mwaka huohuo Tanzania ikaingia kwenye Itifaki ya Harare, ambayo inaruhusu ombi moja kukaguliwa na shirika la kanda, ARIPO, kwa niaba ya nchi kadhaa. Sheria yetu inao pia mlango mdogo kwa ubunifu mdogo: cheti ambacho muda wake ni mfupi kuliko hataza lakini hakidai ile hatua ya uvumbuzi. Kinachotakiwa ni kitu kiwe kipya na kitumike. Nikasema hapa ndipo penyewe, hiki ndicho cha mzee wangu.

Kisha nikasoma maana ya "kipya".

Kipya ni kitu ambacho hakijawahi kuwekwa hadharani popote, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumika, kabla ya siku ya kupeleka ombi. Popote ni pamoja na gazeti linalouzwa stendi. Ni pamoja na picha tatu za rangi, moja ikionyesha ndani ya mfuniko, na maelezo ya mwandishi kijana aliyejitahidi sana kueleza kila mlango unafanya nini. Sheria mbalimbali huacha mwanya mdogo kwa mtu ambaye siri yake imetoka, lakini mwanya huo una masharti na muda mfupi, na mimi nilihesabu miezi kwa vidole nikaona tumekaa sana.

Yaani mkaguzi akiketi kutafuta maandishi ya zamani ya kumpinga fundi wa Ruaha Mbuyuni, hahitaji kwenda China. Atalikuta jina langu.

Wiki iliyopita nilipanda basi. Ningeweza kumpigia simu, lakini mambo mengine hayasemwi kwa simu. Nilimkuta akichomelea geti la mtu. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ngoma ya mafuta, nikamweleza yote: Wachina, unga wa Wamarekani, mwaka 1931, na mwisho picha zangu. Alisikiliza miwani ikiwa juu ya paji la uso. Ukurasa wangu ulikuwa bado unaning'inia kwenye nailoni nyuma yake, na nilijitahidi nisiutazame.

"Kwa hiyo wewe ndiye umenimwagia," akasema.

Nikamjibu ndiyo, Mzee.

"Na mimi ndiye niliyefungua mfuniko."

Akanyamaza kitambo. Akanieleza kwamba toka gazeti lile litoke ameuza mashine nne, na kwamba kijana mmoja wa njia ya Iringa ameshatengeneza ya kwake kwa kuangalia picha, mbaya lakini inafanya kazi. Hakusema kwa hasira wala kwa kunisamehe. Kisha akauliza swali ambalo mimi msomi wa chuo kikuu sikulifikiria: kama kilichotoka gazetini si kipya tena, je, kile ambacho hakikutoka?

Akanipeleka nyuma ya banda, akafunua turubai. Mashine ileile, ila kuna kitu kimeongezwa mahali fulani, tangu lini hakusema. Alimimina debe moja la mbegu chafu, akawasha, na nikaona tofauti kwa macho yangu. Nikauliza kinafanyaje kazi. Akanieleza. Nikauliza nani mwingine amekiona. Akasema hata mke wake hajaonyeshwa.

Tumekubaliana kwenda pamoja kwa wahusika Dar kabla msimu haujaanza, yeye akiwa na mchoro na mimi nikiwa na nauli. Wadau mtaniuliza kwenye maoni hicho kilichoongezwa ni nini. Msijisumbue. Kamera ilibaki kwenye begi.