Mmea wa Kasongo

Marhumu mama alishikilia kwamba mmea ule wa majani ya zambarau yenye mistari ya fedha, unaoning'inia dirishani petu Brussels, ulitoka Kasongo, katika ua wa babu zetu, kabla mji haujatekwa mwaka 1893. Sikuthubutu kumpinga.

Baada ya kustaafu ukarani nilizuru nyumba za vioo za Laeken, alizosanifu Alphonse Balat kwa amri ya Mfalme Leopold II kuanzia 1874. Mojawapo huitwa ya Kongo. Mfalme huyo ndiye aliyempa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, uliwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Miaka mitano baadaye askari wa dola yake wakawapiga watu wetu. Nilirudi nyumbani na hamu ya kuujua mmea wetu. Kitabu cha mimea kikanikata kauli: asili yake ni Meksiko.

Hata hivyo nautunza kama alivyoutunza mama. Hutaka mwanga mwingi usio wa jua kali, kwani gizani mistari hufifia. Maji, udongo wa juu ukishakauka. Shina likirefuka na kuwa tupu hulikata chini ya kifundo, nikalitia katika bilauri ya maji hadi litoe mizizi.

Juzi mpwa wangu wa Antwerp aliomba kipande cha "mmea wa Kasongo". Nilikifunga katika karatasi nyevu, nikaandika juu yake Kasongo, na chini, kwa herufi ndogo, Meksiko.