Kura moja ya Chake Chake

Wiki hii darasani tuko Virginia, 1619: walowezi wa Jamestown wamekaa kanisani wanaanza kujitungia sheria. Sawa, ila akili yangu ikahamia kwetu Pemba, Januari 1961.

Viti vya kugombewa Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar vilikuwa 22. ASP ikapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Chake Chake ASP waliwashinda ZNP kwa kura moja. Moja tu jamani! Wale watatu wa ZPPP, wote wa majimbo ya Pemba, wakagawika: wawili ZNP, mmoja ASP. Ngoma droo, 11 kwa 11, serikali haiundiki. (Viti 22 kweli? Aliyepanga alikuwa anawaza nini!) Piga hesabu: kura ile ingegeuka, ingekuwa 12 kwa 10, mchezo umekwisha.

Kikaongezwa kiti cha 23, nacho Pemba, Mtambile. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na ghasia zikaua watu 68, hasa Unguja. Mohammed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Kiongozi, na ndiye aliyekuwa madarakani serikali ya ndani ilipopatikana, 24 Juni 1963.

Mwenye babu au bibi aliyepanga foleni Chake mwaka ule, hebu amuulize alimpa nani.