Kukopa na Kubadili: Shaaban Robert na Njia Yake ya Kuandika

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliwahi kuniuliza darasani: ikiwa kisa cha Adili na Nduguze kimetoka katika Alfu Lela Ulela, kwa nini tunamwita Shaaban Robert mtunzi na si mkopaji? Swali hilo ni zito, kwani nyuma yake mna hofu inayowazuia vijana wengi kuandika, kwamba ajifunzaye kwa wengine hana chake. Makala haya yanadai kinyume. Kwa Shaaban Robert (1909–1962), njia binafsi ya kuandika inadhihirika hasa katika yale aliyoyabadili baada ya kuyakopa.

Katika kisa cha asili, Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, hulazimika kuwapiga kila usiku nduguze wawili waliogeuzwa mbwa, hadi Khalifa Harun Rashid anapotaka kujua sababu. Katika kitabu cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952, kiunzi hicho kimebaki: liwali, ndugu waliogeuzwa, kipigo cha usiku, na mtawala anayeuliza. Lakini Basra imekuwa Janibu, khalifa amekuwa Rai, mfalme wa Ughaibu, na mbwa wamekuwa manyani. Ndugu nao wanaitwa Hasidi na Mwivu.

Mabadiliko hayo si mapambo. Katika kisa cha asili jina humtambulisha mtu. Hapa linatambulisha tabia. Msomaji huijua tabia kabla ya kuliona tendo, hivyo haulizi tena ni nani aliyetenda, bali tabia hiyo humfikisha mtu wapi. Nyani naye, kwa uso na mikono yake, humkaribia binadamu kuliko mbwa. Kipigo kinakuwa kizito zaidi kwa anayepiga na kwa anayesoma. Mbinu hiyo ya majina tunaikuta pia kwa Karama na Majivuno katika Kusadikika (1951), na kwa Utubora katika Utubora Mkulima. Miaka ya uchapishaji haithibitishi ni kazi ipi iliyoandikwa kwanza, kwa hiyo sidai kwamba moja ilizaa nyingine. Ninachodai ni kwamba mkono ni mmoja, katika kisa kilichokopwa na katika visivyokopwa.

Shaaban Robert alijifunza pia kwa kutafsiri. Omar Khayyam kwa Kiswahili ilitokana na Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambaye mwenyewe hakuufuata Uajemi wa Khayyam neno kwa neno. Mfasiri hana ruhusa ya kuhamisha Basra wala kuwapa watu majina mapya; anapaswa kuibeba fikra ya mwingine ndani ya beti fupi za lugha yake. Kusimulia upya kulimpa uhuru, kutafsiri kukampa nidhamu, na mwandishi anahitaji vyote viwili.

Tangu siku ile, sikumjibu tena mwanafunzi kwa kumtetea Shaaban Robert. Humpa visa vyote viwili, nikamtaka aorodheshe kila kilichobadilishwa na aeleze sababu yake. Kisha humwomba achague kisa alichokipenda, akisimulie upya, na aniletee orodha ya namna hiyohiyo kuhusu kazi yake mwenyewe. Katika orodha hiyo ndimo anamoanza kuiona njia yake.