Mchangishaji wa Kulipwa

Sheria za hisani za majimbo ya Marekani zinamtaja mtu aitwaye "professional solicitor". Mfasiri wa Afrika Mashariki akikutana naye ni rahisi kuteleza, maana kwetu jina hilo la pili linanukia mahakama: Solicitor General wa Tanzania ni Wakili Mkuu wa Serikali. Huyu hana uwakili wowote. Kazi yake ni kuomba. Wala kumwita "mtaalamu" hakufai, kwa kuwa sheria haiulizi amesoma nini. Inauliza kama analipwa ili aombe fedha kwa jina la shirika lisilo lake. Napendekeza aitwe mchangishaji wa kulipwa. Tusimchanganye na mchangiaji, ambaye ndiye anayetoa.

Anaye mwenzake, mshauri wa uchangishaji, anayepanga kampeni na kutunga barua za maombi, lakini haombi mwenyewe wala hashiki fedha. Tofauti hiyo ina uzito. Majimbo mengi humtaka mchangishaji ajisajili kabla ya kupiga simu ya kwanza, na aghalabu aweke dhamana na kuwasilisha mkataba wake serikalini. Mshauri hupata masharti mepesi zaidi. Shirika lenye busara nalo huuliza mapema: michango itaingia akaunti ya nani? Mkataba ukiisha, orodha ya wafadhili itabaki mikononi mwa nani?

Kulipwa kwenyewe si aibu. Watumishi wa zaka wametajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka hiyo. Ugomvi uko kwenye asilimia. Anayelipwa kwa fungu la kila mchango amekuwa dalali, na dalali hupenda mauzo makubwa ya leo kuliko mteja wa miaka kumi. Ndiyo maana kanuni za maadili za AFP, chama cha wachangishaji chenye asili Marekani, huwakataza wanachama wake malipo ya namna hiyo.

Sheria, hata hivyo, haikufika huko. North Carolina ilijaribu kuhesabu malipo yanayozidi asilimia 35 ya makusanyo kuwa yamepita kiasi, isipokuwa mchangishaji athibitishe vinginevyo. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa sheria hiyo katika kesi ya Riley: kuomba mchango ni sehemu ya uhuru wa kusema, na malipo makubwa peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Uamuzi huo ungeweza kuwa kichaka cha walaghai. Mwaka 2003 ikafika kesi ya Illinois dhidi ya Telemarketing Associates, kampuni iliyochangisha kwa jina la maveterani wa Vietnam na kubakiza senti 85 za kila dola. Ilidaiwa kuwa watoaji waliambiwa sehemu kubwa ya fedha zao ingewafikia maveterani. Majaji wote walikubaliana kwamba jimbo linaweza kushtaki uongo wa aina hiyo.

Kwa hiyo mkataba wa mchangishaji ukitafsiriwa kwa ajili ya bodi, malipo ya asilimia yaandikwe "kamisheni". Neno "ada" tuliachie malipo yaliyopangwa tangu mwanzo, yasiyopanda wala kushuka na makusanyo, ili mweka hazina aone anachotia saini.