Majina ya Wenzetu Waliotangulia: Historia ya Kuandika Vifo Katika Upande wa Ramisi



Kila mwaka taarifa ya chama chetu huanza kwa hesabu ya fedha na kumalizika kwa majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mwaka huu tumeona yafaa kuyazungumza majina hayo kwa urefu zaidi. Tulipokuwa tukiitengeneza orodha ya marehemu tulitambua jambo la kutuhuzunisha. Kila shilingi iliyotoka sandukuni kwa ajili ya maziko twaweza kuionyesha, pamoja na tarehe yake na jina la aliyeipokea. Lakini mtu mwenyewe aliyezikwa kwa shilingi ile, mara nyingi tumemwandika kwa jina moja tu, bila jina la baba, bila umri, wala mahali alipolazwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, mtu je?

Hatusemi kwamba wazee wa zamani hawakuwa na kumbukumbu. Kisiwani Wasini, si mbali na sisi, lipo hadi leo kaburi la kale lenye nguzo, ambalo mafundi walilipamba kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Aliyejengewa kaburi lile alikuwa mtu mkubwa. Mtu wa kawaida hakujengewa nguzo, bali kumbukumbu yake iliwekwa katika vinywa vya watu. Katika siku za matanga, au hanga kama wasemavyo Wadigo, ukoo wa marehemu ulitajwa mbele ya vijana, nao wakajua nani ni ndugu wa nani. Hata kabla ya maiti kusaliwa, msemaji wa jamaa husimama akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu, au mwenye deni lake, ajitokeze. Huo ni ushahidi mkubwa unaotolewa mbele ya umati. Na dini haikutuachia maneno matupu, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yaani aya ya 282 ya Suratul Bakara, yaamuru deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo. Basi kuandika si desturi ya kigeni iliyoletwa na serikali.

Miaka ya umri nayo ilihesabiwa kwa mambo makubwa yaliyopita. Fulani alizaliwa wakati wa vita vya Mjarumani; fulani alifariki mwaka wa mvua nyingi. Utaratibu huu ulitosha maadamu watu walizaliwa, walioana na walizikwa katika mtaa mmoja, na mjukuu akaketi karibu na babu yake. Ulipungukiwa nguvu pale watu walipoanza kuondoka kwao kwa sababu ya vita na kazi, na pale haki zao zilipoanza kudaiwa kwa karatasi.

Vita vya Mjarumani vilitufundisha jambo hilo kwa uchungu. Katika mwezi wa Oktoba 1914 mapigano yalifika Gazi, na katika Januari 1916 Meja Arthur Wavell, aliyekiongoza kikosi cha askari Waarabu, aliuawa upande wa Mwele. Habari za kifo chake zimo vitabuni. Lakini maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliochukua mizigo katika kikosi kilichoitwa Kariakoo walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi wao hawakuandikwa mahali popote ambapo watoto wao wangeweza kusoma. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja hata neno hilo likasemwa waziwazi. Miaka mia ni mingi, na mashahidi wote walikuwa wamekwisha kufa.

Sheria ya nchi nayo ilikuja polepole, na haikuja kwa wote pamoja. Katika mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wazungu na Wamarekani kuandikisha vizazi na vifo vyao, na baadaye kidogo Wahindi wakaingizwa. Sheria ya mwaka wa 1928 ndiyo iliyokuwa msingi wa uandikishaji kwa miaka mingi iliyofuata, lakini Mwafrika hakulazimishwa wakati ule. Kwake yeye ilianza kuwa lazima mwaka wa 1963, wilaya moja baada ya nyingine, hata kufika Septemba 1971 ikawa imeenea nchi nzima. Kwa hiyo mtu aliyefariki huku kwetu katika miaka ya 1940 au 1950, aghalabu hana alama yoyote katika vitabu vya serikali. Wazee watuelewe vizuri hapa: mjukuu akienda leo kutafuta karatasi ya babu yake asiipate, si lazima awe amekosea njia. Huenda karatasi yenyewe haikuandikwa kamwe.

Upungufu huo ulikuwa mzito zaidi Ramisi kuliko sehemu nyingi, kwa sababu Ramisi ya miwa ilijengwa na watu wa kutoka mbali. Kiwanda cha sukari kilianza mwaka wa 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu. Pamoja na Wadigo wenyeji walikuja watu wa bara, Wahindi, na Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengi walizeeka huku, wakazikwa huku. Kampuni huweka daftari la mishahara, nalo humhitaji mtu maadamu anafanya kazi. Akiisha kufa, jina lake hukatwa na la mwingine huandikwa. Makanisa huwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Misikiti yetu mingi haikuwa na desturi ya kitabu cha maziko. Basi kiwanda kilipofungwa mwaka wa 1988 na watu wakatawanyika, majirani waliojua nani amelala wapi walitawanyika pia. Hata miwa ilipopandwa tena na kampuni nyingine katika karne hii, majirani wale hawakurudi wote.

Ndugu zetu Wamakonde walionja uchungu wa jambo hili kuliko sisi sote. Waliishi Kwale kwa vizazi kadhaa bila vitambulisho vya taifa. Mtu wa namna hiyo hakuweza kupata hati ya shamba kwa jina lake, na hata kifo chake kilikuwa na taabu kukiandikisha, kwa kuwa namba ya kitambulisho cha marehemu huulizwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyewasikiliza. Lakini katika Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe kuwa raia. Mwanzoni mwa mwaka wa 2017 walianza kupewa vitambulisho, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tuliwafurahia sana. Hata hivyo baba na mama zao waliofariki kabla ya siku ile hawakuwahi kuzishika karatasi hizo mikononi.

Labda mwanachama atauliza, karatasi yamfaa nini aliyekwisha kufa? Kwa marehemu twaomba dua. Karatasi ni kwa ajili ya aliyebaki. Tutaeleza kisa kimoja bila kumtaja mwenyewe. Mjane mmoja wa huku kwetu alifiwa na mumewe nyumbani. Maiti ilizikwa kabla ya alasiri, matanga yakaondoshwa, na hakuna aliyekumbuka kwenda kwa naibu wa chifu. Miaka ilipita, hata watoto walipotaka kugawanya shamba wakaulizwa cheti cha kifo. Walipoulizwa tarehe, ndugu watatu walitaja miaka mitatu mbalimbali, kila mmoja akaapa kwamba ndiye asemaye kweli, na nusura undugu uvunjike. Mwisho mweka hazina wetu wa zamani alitoa kitabu chake cha stakabadhi. Humo mlikuwa na bei ya sanda, viunza na ubani, jina la aliyezikwa, na siku ya mwezi. Kwa ukurasa ule mmoja wa gharama ubishi ulikwisha, na mjane akapata pa kuanzia. Mweka hazina hakukusudia kuandika historia. Alikusudia asidaiwe fedha za chama.

Sheria yenyewe si ngumu kwa mwenye kuwahi. Kifo kilichotokea hospitali huandikwa huko huko. Kifo cha nyumbani huarifiwa kwa naibu wa chifu, naye hukiandika na kutoa kibali cha kuzika. Lakini miezi sita ikipita bila kuandikishwa, hapana budi kupata idhini ya maandishi kutoka kwa msajili mkuu, na kulipa ada. Safari ya siku moja hugeuka kuwa safari nyingi. Na Kadhi naye, anapoombwa kugawanya urithi, huhitaji kuthibitishiwa kwamba mwenye mali amefariki na kujua warithi wake ni akina nani.

Lililobaki ni tanzia, yaani habari ya msiba yenyewe. Zamani watu walipeleka barua za msiba kwa magazeti ya Kiswahili, kama vile Mambo Leo lililoanza Tanganyika mwaka wa 1923, na Baraza la Nairobi lililoanza mwaka wa 1939. Kisha yakaja matangazo ya vifo katika redio, na jioni watu walinyamaza kimya kuyasikiliza, kila mmoja akiogopa kusikia jina la kwao. Siku hizi habari hufika kwa simu ya mkononi kabla kaburi halijachimbwa. Upesi huo ni mwema kwa maziko, lakini simu ikiharibika habari imekwenda nayo. Tena tanzia nyingi zasifu tu: marehemu alikuwa mpole, alipenda watu. Sifa njema ni haki ya marehemu, lakini haimsaidii mjukuu kujua babu yake alikuwa nani.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wakubali kufunguliwa kwa Daftari la Marehemu, mbali na daftari la fedha. Kwa kila mmoja tutaandika jina lake kamili pamoja na la baba na la mama, alikozaliwa, au walikotoka wazazi wake, kazi aliyoifanya, mume au mke, na watoto aliowaacha, siku aliyofariki kwa tarehe zote mbili, ya Kiislamu na ya kawaida, ikiwa ni Mwislamu, mahali alipozikwa, na nani jirani yake makaburini, na mashahidi wawili waliohudhuria. Nakala moja itakaa kwa katibu, na moja kwa mzee atakayechaguliwa na mkutano. Daftari hili halitachukua nafasi ya cheti cha serikali, bali litamsaidia mwenye kukitafuta.

Na tusianze na watakaokufa kesho tu. Wapo kati yetu wazee waliokata miwa kabla ya uhuru, wanaojua makaburi ambayo sisi twayapita bila kuyajua. Twawasihi vijana wakae nao wakiwa na kalamu, mmoja mmoja, kabla ya mkutano mkuu ujao. Mzee asione haya kusema kwamba jina fulani limempotea, atakalolikumbuka litatutosha.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia, waliomo katika orodha hii na wale ambao hatukuwaandika.