Herufi "za Kiafrika" zilizozaliwa Ujerumani



Wengi wenu mnaoishi Marekani mnazijua hata kama hamjui jina lake. Hapa Hilliard, na Columbus kwa jumla, kila kipeperushi cha "usiku wa Afrika" lazima kiwe nazo: herufi kubwa tupu, nene, za pembe pembe, kama zimechongwa kwa panga. Mara nyingi kuna mstari mweupe unaopita katikati ya unene wa kila herufi.

Jina lake ni Neuland. Aliichonga Rudolf Koch mwaka 1923 kwa ajili ya kiwanda cha Klingspor, Offenbach. Koch hakuchora kwanza. Alikata moja kwa moja kwenye chuma, ndiyo maana umbo la herufi moja hubadilika kidogo kutoka saizi hadi saizi. Hakutengeneza herufi ndogo. Ile yenye mstari ndani ni ndugu yake, Neuland Inline.

Neno lenyewe maana yake ni "nchi mpya". Wajerumani walikuwa wamepokonywa Tanganyika kwa mkataba wa Versailles, 1919, miaka minne tu kabla. Inavutia, lakini mimi simbambikii Koch mambo ya makoloni. Alikuwa mtu wa dini na bingwa wa kalamu. Tatizo lilianza kwa watumiaji: ukali ule wa kuchonga ukasomwa kuwa ushenzi, na ushenzi, kwa mazoea ya hapa, ukapewa anwani ya Afrika. Zikawekwa kwenye majalada ya vitabu vya waandishi weusi, kisha mwaka 1993 zikatangaza filamu ya Jurassic Park. Yaani sisi na madinosaria, herufi moja! Mbunifu Rob Giampietro alilieleza jambo hili vizuri mwaka 2004, akaiunganisha na Lithos, fonti ya Carol Twombly ya 1989. Hiyo nayo ilitokana na maandishi ya Wagiriki wa kale, lakini wapi, ikafanywa ya Kiafrika vilevile.

Sasa jamani, Kiswahili kina sura yake. Kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka ni wa 1728. Kanga nazo zilianza na herufi hizohizo kabla ya kuhamia za Kirumi. Tazama jina la kanga: herufi kubwa, za wazi, zimenyooka, zisomeke hata na jirani aliye ng'ambo ya barabara (yeye ndiye mlengwa, mara nyingine). Hakuna panga wala msitu pale.

Mwaka jana tulihitaji tangazo la darasa la Kiswahili la watoto. Mchapaji akaleta Neuland, bila kuulizwa. Nikamwambia abadilishe. Akasema, bila ubaya, kwamba hivyo watu hawatajua ni la Kiafrika. Nikamletea kanga ya mke wangu, nikamwomba afuate herufi zile. Watoto walipoliona tangazo, mmoja akasema limefanana na nguo ya bibi yake.