Mahakama ya Madai Madogo: kesi zipi hupokelewa?

Umeuza magunia ya mahindi kwa deni, sasa mnunuzi hashiki simu. Hapa Kenya kesi hiyo ni ya Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021.

Dai lisizidi shilingi 1,000,000. Liwe la bidhaa au huduma isiyolipiwa, pesa zako alizozishika mwenzako, mali iliyoharibiwa au fidia ya majeraha. Mzozo wa umiliki wa shamba, wa mwajiri na mfanyakazi, au wa kuchafuliwa jina hauingii humo, hata ukiwa wa shilingi elfu tano.

Wakili si lazima. Uamuzi unatakiwa kutolewa ndani ya siku 60 tangu dai liwasilishwe, kwa hivyo jiandae mapema. Mahakama hii haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na kwetu hilo ndilo la maana zaidi, maana vijijini tunauziana kwa kuaminiana. Beba risiti, daftari la madeni, ujumbe wa M-Pesa. Usiufute!

Rufaa huenda Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria pekee. Shahidi uliyemwacha nyumbani hutampeleka huko.